Plastiki za ndani ya gari zikichakaa: upake rangi, ubandike stika, uvue utando au utafute kipande kingine?

Gari linaweza kuwa na injini tulivu na bodi isiyo na mkwaruzo, lakini ukifungua mlango ukakuta swichi za vioo zimezungukwa na plastiki iliyobabuka, limezeeka papo hapo machoni pako. Mimi mambo haya yalinianza kwenye fremu ya giya. Rangi ya fedha ilikuwa imetoka upande mmoja tu, pale kiganja kinapopumzika, ikabaki plastiki nyeusi iliyozungukwa na kingo za rangi zinazokwaruza kidole. Nikanunua kopo la rangi ya kupuliza, nikafunika viti kwa magazeti, nikapuliza kipande kikiwa palepale ndani ya gari. Wiki mbili nilitembea kifua mbele. Mwezi wa tatu rangi ikaanza kutoka vipande vipande kama gamba la nyoka, na safari hii ilitoka hata sehemu ambazo mwanzoni hazikuwa na neno.

Tangu hapo nimepaka vipande vingi, vyangu na vya watu. Nimebandika stika, nimevua utando unaonata, na mara mbili nimesalimu amri nikatafuta kipande kingine. Siku hizi kabla ya kugusa chochote najiuliza swali moja: hiki ni kipande cha jicho au cha mkono? Cha jicho kinatazamwa tu, kama ukanda wa dashibodi, fremu ya redio au pambo la juu ya mlango. Cha mkono kinashikwa kila siku kwa jasho, kucha, pete na mafuta ya kujipaka: kishikio cha mlango, fremu ya swichi za vioo, kichwa cha giya, vitufe vya usukani. Njia inayopendeza kwenye cha jicho inaweza kukuaibisha kwenye cha mkono, hata kama kila hatua umeifuata.

Kilichochakaa ni nini hasa?

Watu husema "plastiki imeisha" wakati plastiki yenyewe ni nzima kabisa. Yapo magonjwa manne yanayofanana ukiyatazama kwa mbali, na kila moja lina dawa yake.

Kuna rangi ya kiwandani iliyolika. Vipande vya rangi ya fedha na vile vyeusi vinavyong'aa mara nyingi ni plastiki ya ABS, au ABS iliyochanganywa na polikaboneti, iliyopakwa rangi juu. Kinachotoka ni rangi. Kilicho chini hakijaumwa.

Kuna utando laini, ule ambao gari likiwa jipya ulikuwa kama raba au velveti mkononi. Ni tabaka jembamba la poliyurethani, na adui zake ni joto, unyevu na jasho. Baada ya miaka kadhaa unavunjika wenyewe, unaanza kunata, unakamata vumbi na nyuzi za nguo, na ukiupitishia ukucha unajikunja kama masizi yaliyoloa.

Tatu ni plastiki ghafi, isiyowahi kupakwa kitu, iliyofifia kwa jua au kuwa nyeupenyeupe kwa kukwaruzwa na viatu. Sehemu za chini za milango na vizingiti ndiyo makazi yake.

Na mwisho kuna plastiki iliyopasuka, iliyokatika meno ya klipu au iliyopinda kwa joto. Hapo rangi ni kumpaka poda mgonjwa wa mguu.

Ukishakitoa kipande, kigeuze utazame nyuma. Watengenezaji huchapa aina ya plastiki katikati ya alama mbili za pembe, kwa utaratibu wa ISO 11469: >ABS<, >PC+ABS<, >PP<, >PP-T20<. Hiyo T20 ina maana kuna unga wa talki asilimia 20 ndani yake. Herufi za kuogopa ni PP, yaani polipropilini. Uso wake ni kama uliopakwa nta; rangi inakaa juu yake bila kuushika, na siku ukiikwangua inatoka kama ganda. Kama alama haionekani na unacho kijipande kilichokatika, kitumbukize majini. Polipropilini tupu ni nyepesi kuliko maji, inaelea. ABS inazama. Ila kipimo hiki husema kweli upande mmoja tu: polipropilini yenye talki nyingi nayo huzama, kwa hiyo kilichoelea umekijua, kilichozama bado.

Kukitoa au kukipaka palepale

Hapa sina mizani ya kupima pande mbili: kitoe. Rangi iliyopulizwa kipande kikiwa ndani ya gari inaishia pale tepu ilipoishia, na pale ilipoishia ndipo itakapoanzia kubabuka. Kipande kilichotolewa unakizungusha, unapaka mpaka nyuma ya ukingo, na mwisho wa rangi unajificha ambapo hakuna ukucha utakaoufikia. Hata stika inataka hivyohivyo. Na ule ukungu wa rangi, hata ufunike vipi, utautafuta mshono wa kiti na kioo cha dira ya spidi.

Kinachowatia watu hofu ni kuvunja. Hofu hiyo ina msingi, lakini vipande vingi vimeshikwa na vitu viwili tu, skrubu na klipu, na wanaovunja huwa wanavuta klipu wakati kuna skrubu wasiyoiona. Itafute kwanza. Hupenda kujificha chini ya kifuniko kidogo ndani ya kishikio cha mlango, chini ya zulia la kisanduku cha katikati, nyuma ya kisahani cha majivu. Kisha bandika tepu ya karatasi pembeni ili usikwaruze jirani, ingiza wenzo wa plastiki (bisibisi ya chuma itaacha alama), na anzia karibu na klipu, si katikati ya kipande. Ukisikia "tap" ujue ya kwanza imeachia. Ukiona kipande kinapinda bila mlio wowote, acha, kuna kitu bado kimeshika. Asubuhi ya baridi plastiki kuukuu hukatika kama biskuti. Ipashe kwa draya ya nywele dakika mbili tatu kwanza.

Skrubu mimi nazichomeka kwenye kipande cha boksi nilichochora umbo la kitu chenyewe, kila moja mahali pake. Picha za simu husaidia pia, lakini picha haikwambii ipi ilikuwa ndefu.

Jambo moja si la kujaribu. Soketi za waya zenye rangi ya njano ndani ya gari kwa kawaida ni za eabegi, mifuko ya hewa ya usalama. Kabla ya kufungua kitu chochote karibu nazo, chomoa waya wa hasi wa betri na usubiri muda ulioandikwa kwenye kitabu cha gari, kwa sababu mfumo huo hubaki na umeme wa akiba kwa dakika kadhaa. Kifuniko cha katikati ya usukani, upande wa abiria wa dashibodi, na popote palipochapwa SRS au AIRBAG, usipake rangi wala kubandika stika. Vifuniko hivyo vimetengenezwa vichanike kwa namna moja, na tabaka lolote la ziada linaweza kubadilisha namna hiyo. Nguzo za mbele nazo, gari likiwa na eabegi za pembeni za kichwa, zina klipu maalumu za kushikilia kifuniko mfuko unapofumuka. Klipu hizo zikikatika weka mpya za aina ileile, si gundi.

Rangi na stika: ubishi wenyewe

Ukiuliza watu wawili waliowahi kufanya kazi hii utapata majibu mawili, na wote wana haki, kwa sababu walikuwa na vipande tofauti mkononi.

Stika ina sifa ambayo rangi haitaipata kamwe: ukijuta unaibandua. Unaifanya mchana mmoja, jioni gari limefungwa na linatembea. Haina moshi wala harufu, haikulazimishi kusubiri hali ya hewa. Kwenye uso laini na bapa, kama ukanda mrefu wa dashibodi au fremu ya redio, inatoka safi kuliko rangi ya mtu anayejifunza, maana haina machozi wala vipele.

Lakini iulize kipande chenye bonde na kilima kwa pamoja, mfano fremu ya giya yenye kona za mviringo. Hapo stika inavutwa pande mbili kwa wakati mmoja, na kinachovutwa hutaka kurudi. Ndiyo sababu aina ya stika inahesabika kuliko rangi yake. Ile nyembamba iliyomiminwa, ya mikroni 50 hivi, inakubali kupinda na kutulia. Ile nene na ya bei ya chini, iliyokandamizwa kwenye rola, ina kumbukumbu: baada ya wiki kadhaa za jua inajirudi kidogokidogo na kuacha mstari wa plastiki kuukuu kando kando. Hata hiyo nyembamba, ukishaivuta kwenye kona lazima uipashe moto tena mwishoni, kingo zote, ili isahau ilikotoka. Hatua hiyo ndiyo watu wanairuka, kisha wanailaumu gundi.

Adui mwingine wa stika ni vile vijimikunjo vya plastiki vinavyoiga ngozi. Gundi inagusa vilele tu, chini yake ni hewa. Inaonekana imeshika, kumbe imekaa kama shuka juu ya mawe. Na kwenye kipande cha mkono, ukingo wa stika ni mwaliko kwa ukucha. Kama huwezi kuikunja nyuma ya kipande walau milimita tano, usiibandike pale. (Ile stika inayoiga kaboni siisemi. Kila mtu na macho yake.)

Rangi inafuata umbo lolote, kona yoyote, na kwenye uso wenye mikunjo ikipakwa nyembamba inaiacha mikunjo ionekane. Iliyopakwa vizuri hakuna atakayejua kama ilipakwa. Bei yake ni maandalizi na siku za kungoja, na hapo ndipo wengi wetu tumeanguka.

Nitakaa kidogo kwenye maandalizi, kwa sababu rangi ni robo tu ya kazi ya rangi. Vitu vya kung'arisha dashibodi vina silikoni, na silikoni haitoki kwa kufutwa na kitambaa kikavu. Ukipuliza rangi juu yake, rangi inakimbia na kuacha vishimo vya duara kama macho ya samaki. Osha kipande kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, ukisugua kwa mswaki wa zamani mpaka ndani ya mikunjo. Suuza, kausha, kisha futa kwa alkoholi ya isopropili ukitumia vitambaa viwili: kimoja kilicholoa kinachotangulia, cha pili kikavu kinachofuata kabla alkoholi haijakauka. Ukitumia kimoja unahamisha mafuta kutoka kona hii kwenda ile. Kisha mwagia maji. Yakitandaa kama shuka, uko tayari, mradi ukikaushe kabisa. Yakijikusanya matone matone, ama mafuta bado yapo, ama una polipropilini mkononi.

Msasa: namba 400 kusawazisha kingo za rangi iliyobabuka, namba 600 kumalizia, vyote kwa maji. Lengo si kuichimba plastiki. Unataka mng'ao ufe na ukingo wa rangi ya zamani usisikike chini ya kidole. Funga macho upitishe kidole. Kidole kinaona kuliko jicho, na kile ambacho kidole kinasikia leo jicho litakiona kesho chini ya rangi inayong'aa. Kwenye uso wenye mikunjo usiuguse msasa kabisa, utanyoa vilele na kubaki na baka ambalo hakuna rangi italificha. Tumia sifongo ya kusugulia, ile ya kijivu ya mafundi rangi, ndiyo inayoingia mabondeni.

Baada ya hapo, kama ni PP, lazima ipite dawa ya kushikisha rangi kwenye plastiki, tabaka jembamba lisilo na rangi. Dawa hii ina dirisha la muda: rangi inayofuata inatakiwa iingie ndani ya dakika zilizoandikwa kwenye kopo. Ukiiacha ikauke ukaenda kula, umeipoteza. Kwenye ABS iliyosuguliwa vizuri praima ya plastiki, yaani rangi ya msingi inayotangulia, inatosha.

Kupuliza kwenyewe: kopo likae sentimita 20 hadi 25 kutoka kwenye kipande, mkono uanze kupuliza kabla ya kufika na uachie baada ya kupita. Tabaka la kwanza liwe ukungu tu, plastiki bado inaonekana, na hapo ndipo uvumilivu wa watu unapokwisha. Wanataka lifunike mara moja, wanaongeza, rangi inatoa machozi. Subiri dakika kumi, tia la pili. Matabaka matatu mepesi yanashinda moja zito kwa kila kipimo. Siku ya unyevu mwingi iache, vanishi inaweza kugeuka kuwa kama maziwa. Kama kopo ni la baridi liweke kwenye maji ya uvuguvugu, kamwe si kwenye moto. Makopo haya hayatakiwi kupita nyuzi 50 za Selsiasi.

Sasa rangi na stika ziweke mbele ya joto. Dashibodi ya gari lililofungwa juani inaweza kupita nyuzi 70. Rangi iliyokauka vizuri inavumilia. Stika mbaya inajirudi. Lakini kuna jambo linalozihusu zote mbili na halitajwi mara nyingi: chochote kinachong'aa juu ya dashibodi kinajitazama kwenye kioo cha mbele, na mchana wa jua utaendesha ukiwa unatazama kivuli cha dashibodi yako barabarani. Juu ya dashibodi weka kisichong'aa au usiweke kitu.

Vanishi ya juu, na kwa nini vipande vya mkono vinasumbua

Ile fremu yangu ya kwanza haikufa kwa sababu ya rangi peke yake. Ilikufa pia kwa sababu ya kile nilichokiweka juu, yaani hakuna.

Vanishi ya juu isiyo na rangi, ambayo mafundi wengi huiita klia, ipo ya aina mbili. Ya kopo la kawaida, 1K, inakauka kwa kuvukiza maji yake ya thina. Kwa nusu saa utaigusa bila kushika alama, ila ugumu wake kamili unakuja baada ya siku kadhaa, hata wiki. Na kwa kuwa ilikauka kwa kuvukiza tu, kitu chenye asili ya thina kinaweza kuilainisha tena. Dawa za kufukuza mbu zenye DEET ni mfano mzuri: zinalainisha rangi na hata baadhi ya plastiki zenyewe. Mtu anajipaka, anashika kishikio cha mlango, na alama za vidole vinne zinabaki pale milele.

Aina ya pili, 2K, ina dawa ya kugandisha inayochanganywa nayo. Inaganda kwa kemia, na ikishaganda hairudi. Jasho, losheni na alkoholi haviisumbui. Kwa kipande cha mkono hakuna mshindani. Tatizo ni kwamba dawa hiyo ina isosianati, ambazo zinadhuru mapafu na zinaweza kumwachia mtu pumu ya kudumu. Barakoa ya karatasi si kinga. Inahitaji kinga ya pumzi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, glavu, nguo ndefu na hewa ya kutosha. Kopo la 2K ukishalitoboa kwa chini kuanza kuchanganya, una siku moja au mbili tu kabla halijaganda ndani kwa ndani.

Kwa hiyo msimamo wangu kwa kipande cha mkono ni huu: andaa mwenyewe nyumbani, osha, sugua, kisha mpelekee fundi rangi mwenye chumba chake akupulizie rangi na klia ya 2K. Yeye kazi ya kupuliza ni ya dakika chache. Kinachomla muda ni maandalizi, na hayo umeshayafanya. Kupaka kishikio cha mlango kwa kopo la kawaida nimekwisha kujaribu mara tatu. Sitarudia.

Utando unaonata: uvue, usiufunike

Hapa kulinganisha ni kufupi. Rangi juu ya utando unaonata haikauki sawasawa, na ikikauka itapasuka kwa sababu kilicho chini yake bado kinasogea. Stika itateleza. Njia ni kuuvua wote. Loweka kitambaa kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, kilaze juu ya kipande dakika chache, kisha sugua na kukwangua kwa kitu cha plastiki. Utando unatoka kama uji mweusi. Vitambaa vitaisha, mikono itachoka, na kipande kimoja kinaweza kula nusu siku. Usishawishike kuongeza kasi kwa thina au asetoni: asetoni inayeyusha ABS, na polikaboneti inaipasua nyufa nyembamba ndani kwa ndani.

Uzuri ni kwamba mara nyingi chini yake unakuta plastiki nyeusi iliyotulia, isiyohitaji rangi yoyote. Watu wanaandaa makopo matatu, wanavua utando, kisha wanagundua kazi imekwisha.

Ila angalia vitufe. Vile vyenye alama zinazowaka usiku hutengenezwa kwa plastiki nyeupe inayopitisha mwanga, ikapakwa nyeusi, kisha alama ikachongwa kwenye hiyo nyeusi. Ukivua utando ukaenda na ile nyeusi, usiku kitufe kizima kinawaka kama balbu na alama imekwenda na kitambaa. Nimeifanya kwenye kitufe cha taa za hatari, na kila mtu aliyepanda gari lile aliniuliza kuna nini. Vitufe vikichakaa, nunua vingine.

Plastiki ghafi iliyofifia

Dawa za kupaka na kung'arisha zinarudisha weusi kwa muda, kisha zinaondoka kwa kufutwa na jua. Kama una nia ya kupaka rangi siku za usoni, kumbuka kwamba kila unapozipaka unajiwekea silikoni ya kuja kuiosha. Rangi za kupuliza zilizotengenezwa kwa vinyl na ngozi ni jibu la kudumu zaidi: nyembamba, zinanyumbuka, na mikunjo inabaki. Zinafaa sana kubadilisha rangi nzima ya kipande, kijivu kuwa nyeusi kwa mfano, kwa vipande vya jicho. Kutoka nyeusi kwenda rangi ya maziwa usijaribu. Kila mkwaruzo utafichua weusi.

Kuna pia wanaopitisha mashine ya joto juu ya plastiki ili weusi urudi. Kwa bampa ghafi za nje inafanya kazi kwa muda. Ndani ya gari vipande ni vyembamba, vinapinda, na mikunjo inayeyuka na kung'aa mabaka mabaka. Mimi hapana.

Kipande kingine

Likija suala la jino la klipu lililokatika au ufa unaoonekana, tafuta kingine na uokoe siku zako. Linganisha namba iliyochapwa nyuma, si umbo tu, kwa sababu toleo la mwaka mmoja na la mwaka unaofuata huweza kutofautiana kwa tundu moja la skrubu. Jua pia kwamba kipande kilichotumika kimechakaa pale pale chako kilipochakaa, maana mikono ya madereva inafanana. Kile cha upande wa dereva ndicho kigumu kukipata kizima.

Lakini kipande chakavu cha pili kina faida ambayo naipenda kuliko zote: unakipaka kwa raha zako. Gari linaendelea kutembea na cha zamani, wewe una wiki mbili za kusugua, kukosea, kusugua tena na kuacha rangi igande mpaka iwe ngumu. Siku ya kubadilisha ni nusu saa. Wengi wanaoharibu kazi hii huwa na gari lililofumuliwa na safari ya kesho asubuhi.

Basi wewe uchague nini

Ukanda bapa na laini wa dashibodi usiofunika eabegi, na unataka kubadilisha sura bila kujifunga: stika nyembamba, iliyokunjwa nyuma. Fremu ya redio au pambo la mlango lenye kona, rangi ya kiwandani imelika: toa, sugua, paka, na klia ya kopo la kawaida itakutosha kwa kuwa haishikwi. Kishikio, fremu ya swichi, kichwa cha giya: 2K kwa fundi, au kipande kingine. Kinachonata: vua kwanza, halafu ndipo uamue kama kuna la kuamua. Vizingiti vya milango vinavyopigwa viatu kila siku viache vilivyo. Hakuna rangi inayoshindana na kisigino.

Ukishapaka, usikimbilie kufunga. Kipande kinaweza kuwa kikavu kwa kugusa na bado laini kwa kubana, na klipu ikikishika siku ya pili itaacha chapa yake kwenye rangi. Mimi nakiacha wiki nzima mahali pakavu, ndipo nakirudisha kwa viganja, si kwa ngumi.

Na ile fremu ya giya? Baada ya kuipaka mara mbili nikaivua rangi yote ya fedha kwa msasa, ya kiwandani na ya kwangu. Nyuma iliandikwa >ABS<, nyeusi mpaka ndani. Nikaimalizia kwa sifongo ya kijivu nikisugua upande mmoja tu, kutoka mbele kwenda nyuma, mpaka ikapata mng'ao hafifu unaolingana na plastiki za jirani, nikairudisha bila kuweka kitu chochote juu. Kiganja bado kinapumzika palepale, na hakina tena cha kubabua.